Mradi Una Mwanzo na Mwisho

Nje ya mji wa Garissa, paneli za sola zimetandazwa kwenye eneo la takriban hekta 85. Kituo hicho cha megawati 50 kilijengwa chini ya shirika la serikali la REREC kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, kikazinduliwa Desemba 2019.

Ujenzi huo ndio mradi: una lengo, bajeti, muda na msimamizi.

Ujenzi ukikamilika, mradi hufungwa. Kufuta vumbi kwenye paneli na kuiuzia Kenya Power umeme ni kazi za kila siku, zenye bajeti yake.

Kisima cha kijiji ni vivyo hivyo: kukichimba ni mradi, kukiendesha ni kazi ya kila siku. Wasikilizaji, kabla kamati ya kisima haijatia saini mkataba, iulize: mkandarasi akishaondoka, nani atanunua dizeli ya pampu na vipuri?