Redio Inayofundisha Haianzi Studio



Redio inapotajwa, wengi hufikiria mnara, mitambo na mtangazaji. Lakini redio inayofundisha haianzi studio. Huanza pale inapoamuliwa ni nani atakayepanga somo, ni nani atakayeliongoza kijijini, na ni nani atakayewajibika iwapo mwananchi hakuelewa. Hilo ni suala la uongozi, na historia ya Tanzania ina mafunzo ya kutosha juu yake.

Mwaka 1965 Shirika la Utangazaji la Tanganyika, lililorithiwa kutoka kwa wakoloni, lilivunjwa, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikawa idara ya Serikali. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, redio ilikabidhiwa kazi ya ualimu. Zikafuatana kampeni za kitaifa: Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai mwaka 1975.

Katika Mtu ni Afya redio haikuachiwa mzigo peke yake. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliratibu kazi yote, Wizara ya Afya ilitoa utaalamu, Radio Tanzania ilirusha vipindi, na TANU iliwahamasisha wananchi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo ngazi kwa ngazi. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikutana, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, wakajadili malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Kisha waliamua la kufanya. Vyoo vilichimbwa na madimbwi yakafukiwa. Mnara wa redio hauchimbi choo. Vyoo vile vilitokana na uamuzi wa vikundi.

Hata hivyo, sifa hizo zisifiche upungufu. Mpango uliotoka juu ulishuka vizuri, lakini njia ya kupandisha hoja za wananchi haikuwa pana kiasi hicho. Kikundi kikifundishwa kuchemsha maji, na kuni ziko mbali, hapana budi jibu hilo limfikie mwandaaji wa somo. Idara ya Serikali huzoea kupokea maagizo kuliko kupokea lawama. Elimu inayosafiri upande mmoja tu hugeuka amri.

Leo madaraka yamegawanywa. Shirika la Utangazaji Tanzania hutangaza. Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, hutoa leseni na kusimamia utangazaji. Taasisi ya Elimu Tanzania hushughulikia mitaala, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ingali na jukumu lake. Mgawanyo huu una faida, kwa kuwa anayetoa leseni siye anayetangaza. Lakini wahenga walionya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila chombo chaweza kutimiza sheria yake kikamilifu, huku mwanafunzi akikosa wa kumjibu. Leseni huthibitisha kwamba kituo kina haki ya kusema. Haithibitishi kwamba yupo aliyejifunza.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalipelekwa tena hewani. Swali lilikuwa lile lile la mwaka 1973: ni nani aliyekaa kando ya mtoto wa mkulima, na ni nani aliyemwuliza ameelewa nini?

Jibu halidai kuundwa kwa mamlaka nyingine. Ladai mambo matatu. Kwanza, kila mfululizo wa masomo uwe na chombo kimoja kinachotajwa waziwazi kuwa ndicho mwenye dhamana. Pili, ratiba na vitabu vimfikie mwalimu kabla ya kipindi, si baada yake. Tatu, taarifa ya msikilizaji irudi kwa mwandaaji, na masomo yarekebishwe kwayo.

Ndugu walimu, redio ya umma haipimwi kwa umbali ambao sauti yake hufika. Hupimwa kwa kile kinachofanyika kijijini baada ya redio kuzimwa.