Melatonini, Bakteria wa Utumbo na Sukari ya Damu: Tupime Madai Kabla ya Kununua



Mada yetu leo ni melatonini, homoni inayouzwa kwa sura ya vidonge, matone na hata pipi laini za kutafuna. Hapo awali ilinadiwa kuwa huleta usingizi. Sasa yapo matangazo yadaiyo kwamba hurekebisha bakteria wa utumbo, hupunguza unene na kushusha sukari. Tunaomba tuyapime madai hayo pamoja, kwa kuwa mgonjwa wa kisukari akiyaamini yote aweza kuacha dawa alizoandikiwa, na hasara ya hilo haifanani na bei ya chupa moja.

Melatonini hutengenezwa na tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo, ambayo huanza kazi giza linapoingia na kuipunguza kunapopambazuka. Daktari Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliitenga mwaka 1958 kutoka katika tezi za ng'ombe. Baadaye ilibainika kwamba utumbo nao huitengeneza. Ndipo wataalamu walipojiuliza: ina kazi gani tumboni?

Utumbo wetu ni makazi ya bakteria wasiohesabika, na wengi wao hutufaa, kwani huchachua nyuzinyuzi ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzimeng'enya. Bakteria hao nao wana ratiba ya mchana na usiku. Mwaka 2014 watafiti nchini Israeli walichukua bakteria wa utumbo kutoka kwa watu waliochoshwa na safari ndefu ya ndege iliyobadilisha saa zao, wakawapandikiza katika panya wasio na bakteria. Panya hao walinenepa na sukari yao ikapanda. Mwaka 2017 watafiti nchini China waliwalisha panya mafuta mengi pamoja na melatonini. Panya hao hawakunenepa kama wenzao walionyimwa homoni hiyo, na mchanganyiko wa bakteria wao ulibadilika.

Matokeo hayo ni ya kweli, na yanastahili kuendelezwa. Lakini matangazo huishia hapo, nasi hatuna budi kuendelea mbele. Panya hula usiku na kulala mchana. Binadamu ni kinyume chake. Katika viumbe wote wawili melatonini hupanda usiku. Kwa panya, basi, hupanda wakati wa kula, na kwetu hupanda wakati wa kufunga chakula na kulala. Kilichomfaa panya hakiwezi kuhamishiwa kwa mtu bila uchunguzi.

Uchunguzi kwa watu umeonyesha jambo la kutahadharisha. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa watu wazima 845 nchini Hispania, waliokunywa maji ya glukosi jioni mbili tofauti: mara moja saa nne kabla ya kulala, na mara nyingine saa moja kabla. Walipokunywa karibu na usingizi, melatonini mwilini ilikuwa juu zaidi, insulini ikatoka kidogo, na sukari ya damu ikapanda. Melatonini huiashiria kongosho ipunguze kazi. Kwa hiyo anayemeza kidonge kisha akaketi mezani kula huenda anajiongezea sukari anayotaka kuipunguza.

Liko pia suala la lebo. Nchini Kanada, mwaka 2017, bidhaa 31 zilipimwa: iliyopungukiwa zaidi ilikuwa na upungufu wa asilimia 83 ya kiasi kilichoandikwa, na iliyozidi kuliko zote ilizidi kwa asilimia 478. Nchini Marekani, mwaka 2023, pipi laini 25 zilipimwa, na 22 kati yake hazikulingana na lebo. Moja haikuwa na melatonini hata chembe.

Kwa hayo, tunashauri yafuatayo:

1. Msiache wala kupunguza dawa ya kisukari au ya shinikizo la damu kwa ajili ya melatonini.

2. Mwenye kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda, mjamzito na anayenyonyesha wamwone daktari au mfamasia kwanza.

3. Msinunue bidhaa isiyo na namba ya usajili, jina la mtengenezaji, kiasi cha dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi.

4. Anayeitumia kwa ushauri wa daktari asile chakula kizito karibu na muda wa kuimeza, wala asiendeshe chombo cha moto baada yake.

5. Pipi hizo ziwekwe mbali na watoto, ambao hawatofautishi dawa na peremende.

Wanaotaka kuwatunza bakteria wao wana njia isiyohitaji chupa: maharage, kunde, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, chakula cha jioni kiliwe mapema, na taa na simu zizimwe wakati wa kulala, ili mwili utengeneze melatonini yake wenyewe kwa kipimo chake.

Mkikutana na tangazo linaloahidi kuponya kisukari au unene kwa melatonini, tuleteeni taarifa pamoja na lebo ya bidhaa.