MTOTO ASIACHE SHULE KWA AJILI YA UMASKINI

(Maneno ya mwalimu mkuu mmoja kwa wazazi wa kambi ya Nyarugusu, mwanzoni mwa mwaka wa shule)



Nimeombwa niseme machache juu ya watoto wanaoacha shule. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1996. Wako waliozaliwa hapa ambao leo ni wazazi, nao wameketi mbele yangu. Tulipokimbia hatukubeba mashamba. Elimu ni mali ambayo mtoto hawezi kunyang'anywa njiani.

Kwanza nakiri kosa langu. Mwaka jana mtoto wa darasa la nne alichelewa siku nne mfululizo. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake, nikamrudisha nyumbani. Hakuonekana kwa wiki tatu. Nilipokwenda kwao nilikuta mama ni mgonjwa, na mtoto ndiye aliyekuwa akipanga foleni bombani tangu alfajiri ili wadogo zake wapate uji. Hakuwa mvivu, alikuwa akifanya kazi ya mtu mzima. Nilimwomba radhi yeye na mama yake. Majirani wawili walikubali kumchotea maji kwa zamu, naye akarudi darasani.

Tangu hapo walimu wetu wamekubaliana kuuliza kabla ya kuadhibu. Nanyi wazazi tunawaomba haya:

1. Siku ya posho aende mtu mzima. Asipokuwepo, jirani aombwe. Mtoto akikosa siku moja kila mgao, masomo yanampita.

2. Kazi za maji na kuni zigawanywe sawa kwa wavulana na wasichana. Msichana akirudi kutoka shule akakuta kazi zote zinamngoja, hapati nafasi ya kusoma.

3. Msichana aliyevunja ungo asifichwe nyumbani kila mwezi. Mama au shangazi amweleze, amtafutie vitambaa safi, na amwone mwalimu wa kike.

4. Asiye na viatu wala nguo nzuri aje hivyo hivyo. Mwalimu hatamfukuza. Asiye na daftari atuambie mapema, asikae nyumbani kwa aibu.

5. Mtoto asome kabla jua halijazama, maana mafuta ya kibatari ni ghali. Wale wa madarasa ya juu wakae na wadogo chini ya mti, wasome kwa sauti. Mtoto wetu huanza kwa Kiswahili, kisha hukutana na Kifaransa ambacho nyumbani hakisikii. Hapo wengi hukata tamaa. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwambia, "Nisomee," akasikiliza.

Ndugu zangu, Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 22, unataka mtoto wa mkimbizi apate elimu ya msingi sawa na mtoto wa raia. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 28, unasema elimu hiyo iwe ya lazima na ya bure. Hiyo ni haki yenu, idaini. Lakini mkataba hauchoti maji. Mkono mmoja haulei mwana.

Leo kabla ya kulala, kila mmoja ajiulize: ni mtoto gani jirani yangu hakwenda shule wiki hii, na kwa nini? Kesho njooni mtuambie. Mlango uko wazi.