Afya ya Mwanafunzi wa Chuo ni Amana Yetu Sote



Katika maadhimisho haya ya hekalu letu tumeombwa tuzungumze juu ya afya ya vijana walioko vyuoni. Kabla ya kuwausia vijana, yatupasa sisi wazee tukiri kosa letu. Kwa miaka mingi tumemsifu kijana anayekesha na vitabu, na anayelala mapema tukamwita mvivu. Tulidhani tunawatia moyo. Kumbe tulikuwa tukiwatwisha mzigo.

Yupo kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, ambaye jina lake tunalisitiri. Alifeli masomo mawili katika muhula wa kwanza, akaona haya kusema nyumbani. Kila alipopigiwa simu alijibu kuwa yu mzima na masomo yanakwenda vyema. Usiku hakupata usingizi. Asubuhi hakwenda darasani. Aliyegundua hakuwa mzazi wala mhadhiri, bali mama lishe aliyemuuzia wali na maharage karibu na hosteli. Alimwona amekoma kula, ananunua soda tu. Akamwuliza, "Mwanangu, una nini?" Kijana akalia, akasema yote. Mama yule akamsindikiza hadi kwa mshauri wa wanafunzi. Leo amekwisha rudia mitihani yake na anaendelea na masomo.

Vijana wetu, tuanze na usingizi. Mtu mzima huhitaji saa 7 au zaidi kila usiku, na ni katika usingizi ambapo ubongo huyaimarisha yale yaliyosomwa mchana. Kukesha usiku wa kuamkia mtihani ni kuteka maji kwa pakacha. Kumbukeni pia kwamba kahawa hukawia mwilini: kwa watu wengi, ukiinywa saa 12 jioni, ifikapo saa 5 usiku karibu nusu ya nguvu yake ingali ndani yako.

Pili, chakula. Fedha za mkopo, ambazo ninyi mwaziita "boom", zikiingia huliwa chipsi kuku wiki mbili, kisha hufuata njaa. Zigawanyeni kwa wiki tangu siku ya kwanza. Ugali au wali, mchicha na tunda ni mlo kamili pakiwapo maharage, choroko au dengu. Wale wetu wasiokula nyama hawana sababu ya kudhoofika.

Tatu, mwili uchoshwe ili akili ipumzike. Shirika la Afya Duniani hushauri walau dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku 5, kunatosha, wala hakuna ada.

Nne, na hili ndilo kubwa: semeni. Moyo kwenda mbio na kuumwa kichwa siku za mitihani ni mambo ya kawaida. Lakini huzuni, kukosa usingizi au kukosa hamu ya kula kukidumu wiki mbili, nendeni kwa mshauri wa chuo au kwa daktari. Na likija wazo la kujidhuru, msingoje hata saa moja. Sala hututuliza, nasi hatuachi kuwaombea. Hata hivyo, sala haimzuii mtu kwenda hospitali. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Nasi wazazi tujirekebishe. Tunapompigia mtoto simu, swali letu la kwanza lisiwe "Umepata ngapi?" bali "Umelala? Umekula?" Kisha tunyamaze, tusikilize jibu. Akituambia amefeli, tumshukuru kwanza kwa kutuambia, ndipo tutafute njia pamoja naye. Mtihani hurudiwa, mtoto harudiwi.

Kwa mama lishe yule, na kwa majirani wote mnaowatazama watoto wetu kama wenu, tunatoa shukrani zisizo na kifani.