Matusi Kando ya Uwanja
Msikilizaji, baada ya taarifa ya habari tutazame jambo moja: makocha wanaowatukana wanamichezo wa umri wa shule. Kuanzia Mwingi hadi Wote na Kibwezi, mechi za shule za sekondari huvuta umati, na anachosema kocha husikika na wote.

Kwa nini jambo hili likuhusu? Kwanza, Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamlinda mtoto dhidi ya dhuluma na kila aina ya ukatili. Pili, viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini tusi nalo huumiza. Msichana wa miaka 15 anayetukanwa mbele ya wenzake anaweza kuuacha mchezo kabisa.

Upande wa pili nao usikilizwe. Makocha wengi ni walimu wanaojitolea baada ya vipindi, na shinikizo la ushindi ni kubwa. Wapo wanaosema ukali hujenga nidhamu. Naam, aliyepoteza mpira na akosolewe, lakini utu wake usiguswe.

Swali basi ni hili: kocha akitukana huku timu inashinda, kati ya mwalimu mkuu, mzazi na wasimamizi wa michezo, nani atakayemkanya?