Ukivunjika Mguu Kazini, Kadi ya Mwanao Ataigharimia Nani?

Ndugu vijana wa Mbinga mjini, na ninyi mliopanda leo kutoka Mbamba Bay, Liuli na Lituhi! Nimeombwa nizungumze juu ya fidia na bima ya afya, na naona wengine mmeshaanza kupiga miayo. Bima! Si mambo ya wazee wa ofisini hayo? Subirini kidogo. Nitaanza na posta, maana wengi wenu mnadhani posta ni kiti, muhuri na chai ya saa nne.

Posta ni mgongo. Katika nchi hii barua hungoja kwenye sanduku, lakini kabla haijafika humo kuna mtu aliyeishusha garini, akaibeba na kuipanga. Zamani mizigo ya pwani yetu ilikuwa ikiingojea MV Songea kutoka Itungi, Kyela. Leo lami imeteremka kutoka hapa hadi Mbamba Bay, kona juu ya kona, na kijana aliyepewa pikipiki na furushi anazishuka kona hizo mvua ikinyesha. Barua zimemalizwa na simu. Vilivyobaki ni vifurushi, na kifurushi ni kizito kuliko barua. Na wewe unayepeleka vifurushi vya kampuni ya basi au duka, usinitazame kama nazungumza habari za mtu mwingine.

Je, akianguka?

Shirika la Posta lilipoanza kazi Januari 1994, baada ya lile la Posta na Simu kugawanywa, sheria ya fidia iliyokuwapo ilikuwa ya mkoloni. Ukipata ulemavu wa kudumu, fidia yako haikuzidi shilingi 108,000. Ukifa, shilingi 83,000. Nyingi ya simu mnazochezea hapo mlipokaa zina bei kubwa kuliko hiyo roho! Uhuru tuliupata 1961, lakini bei ya mguu wa mfanyakazi tuliiacha ndani ya sheria ya Mwingereza, na shilingi ikashuka thamani mbele ya macho ya wakubwa wakitazama.

Sheria mpya ilipitishwa 2008. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi Julai 2015. Miaka saba! Waliokatika vidole katika miaka hiyo saba waliambiwa nini? Njoo kesho.

Lakini tuseme haki: Mfuko huu si danganya toto. Anayeuchangia ni mwajiri peke yake. Zamani wa binafsi alitoa asilimia 1 ya mishahara na wa serikali nusu ya hiyo, ila tangu 2022 wote wanatoa asilimia 0.5. Akikukata wewe senti moja kwa ajili hiyo, anakuibia. Ukiumia kazini, Mfuko hugharimia matibabu ya jeraha. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya kipato chako, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30, unapata pensheni ya kila mwezi. Usipozidi, unapewa mkupuo mmoja na kuagwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo karata inapochezwa.

Mfuko wa fidia unatibu jeraha la kazini. Hautibu malaria ya mkeo wala kifua cha mwanao. Hayo ni ya bima ya afya, yaani NHIF, iliyoanza 2001: asilimia 6 ya mshahara, 3 zako na 3 za mwajiri, na kadi inakufunika wewe, mwenzi wako na wategemezi wanne. Umeona neno lenyewe? Mshahara. Kadi inatembea na mshahara kama kivuli.

Chukua kijana anayelipwa shilingi 500,000. Bima yake ni 30,000 kwa mwezi: 15,000 anakatwa yeye, 15,000 anatoa mwajiri. Anaanguka na pikipiki, nyonga inavunjika. Mfuko unamlipa 350,000. Ameshapungukiwa 150,000, na ndani ya nyumba sasa kuna mgonjwa. Ikiwa mkataba bado upo na mwajiri ni muungwana, michango inaendelea. Ikiwa mkataba ni wa miezi sita na umekwisha huku yeye kalala na bandeji, ile 30,000 inatoka wapi? Mtoto anaugua Liuli usiku, mama anamkimbiza hospitali ya misheni pale, kadi inasomwa, na jibu ni kwamba michango haijaingia. Baba analipwa fidia kihalali kabisa, na mtoto wake anadaiwa fedha taslimu dirishani. Watauza usipa wa kiasi gani wamalize deni hilo?

Msiniambie haiwezekani kurekebishwa. Marekani walipitisha sheria 2022, wafanyakazi wa posta wakatengewa mpango wao wa bima, ukaanza Januari 2025. Hata huko mabadiliko hayo yalileta fomu na maswali mengi. Lakini mfanyakazi wa posta aliyeumia na anayelipwa fidia, mchango wake wa bima hukatwa kwenye fidia hiyo hiyo. Ofisi inayomlipa ndiyo inayomkata, kadi haizimiki. Hakuna uchawi hapo. Ni mifuko miwili ya umma kuzungumza. Yetu inashindwa nini? Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Kama ni kwa wote, aliyevunjika nyonga akiitumikia nchi awe wa kwanza kwenye orodha.

Na kadi yenyewe si ukuta wa zege. Machi 2024 NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi zilisimamisha huduma kwa wenye kadi kwa sababu ya bei. Fahali wawili walipigana, na mnajua nyasi ni nani.

Kwa hiyo wewe kijana, Jumatatu muulize bosi wako: umenisajili Mfuko wa Fidia? Usiogope kwamba huna karatasi. Sheria inautambua hata mkataba wa mdomo. Ukiumia, mjulishe siku hiyo hiyo, na shahidi awepo. Hospitali sema wazi kwamba umeumia kazini, iandikwe. Wengi husema "nimeanguka tu" kumlinda bosi, kisha bosi hawajui tena. Dai likipita miezi 12 bila kufikishwa, limekufa. Na kabla hujasaini mkataba mpya, uliza swali moja: nikiwa kitandani, nani atachangia kadi ya wanangu? Jibu alitoe kwa maandishi. Akicheka, mwambie asaini hicho kicheko.

Nimesema mengi, na wa Lituhi wana gari la kuwahi. Tuingie kwenye maswali. Wewe wa nyuma pale, mwenye fulana nyekundu, ulinyoosha mkono zamani. Simama, sema kwa sauti.