Kolabo Inataka Watu Wakae Pamoja

Msikilizaji, kolabo nyingi za siku hizi hukamilika bila wanamuziki kuonana. Mmoja anarekodi ubeti wake Dar es Salaam, anatuma faili, mwenzake anaongeza wa kwake Lagos, wimbo unatoka. Zipo zinazopendeza. Lakini ushirikiano unaokuza sauti ya mwimbaji unadai zaidi ya hapo, na waimbaji wa jazi wa Ureno wanatuonyesha nini hasa.

Jazi ya Ureno ilikulia chini ya udikteta. Klabu yake mashuhuri, Hot Clube de Portugal, ilianzishwa Lisbon mwaka 1948 na Luís Villas-Boas. Mwaka 1971, kwenye tamasha la Cascais, mpiga besi Mmarekani Charlie Haden alitangaza jukwaani kwamba wimbo wake ni kwa heshima ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau. Polisi wa siri walimkamata, wakamhoji. Wakati huo FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji iliyoasisiwa hapa Dar es Salaam mwaka 1962, ilikuwa vitani na Ureno. Habari za jazi ya Wareno, basi, zinatuhusu.

Zinatuhusu pia kupitia Maria João, aliyezaliwa Lisbon mwaka 1956, baba Mreno, mama wa Msumbiji. Alicheza aikido kabla ya kushika uimbaji, kisha akapitia shule ya Hot Clube. Huimba kwa maneno na bila maneno. Hunong'ona, huguna, hupanda juu ghafla, na sauti yake ikashika nafasi ya saksafoni au ya ngoma. Uhuru huo aliukuza akiwa na wenzake, wakiwemo mpiga piano Mjapani Aki Takase na Mreno mwenzake Mário Laginha. Yeye na Laginha walitoa albamu ya Danças mwaka 1994, wakaendelea pamoja miaka mingi. Mwaka 1998, katika Cor, waliungana na mpiga ngoma Mhindi Trilok Gurtu na mpiga gitaa wa Austria, Wolfgang Muthspiel. Hakuna aliyealikwa kupamba tu. Kila mmoja anasikika akimjibu mwenzake.

Kizazi kilichofuata kina Sara Serpa, mzaliwa wa Lisbon anayeishi New York. Mwaka 2010 alitoa Camera Obscura pamoja na mpiga piano mkongwe Ran Blake: sauti na piano, basi. Ukiimba hivyo huna pa kujificha. Lazima umsikilize mwenzako pumzi kwa pumzi. Mwaka 2020, katika Recognition, alitumia picha za filamu za familia yake zilizopigwa Angola enzi za ukoloni, akazitungia muziki wa sauti, piano, kinubi na saksafoni. Alithubutu kuutazama ukoloni wa nchi yake mwenyewe, tena hadharani. Namheshimu kwa hilo.

Wala tusiseme huo ni utamaduni wa watu wa mbali. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, alikwenda na kundi lake, watu waliozoeana naye kwa kupiga pamoja. Taarabu asilia hadi leo haiwezekani bila mwimbaji na wapigaji kufanya mazoezi chumba kimoja.

Kwa hiyo nawaomba wenye studio, mapromota na sisi watu wa redio: tuwape wasanii wetu muda wa kukaa pamoja kabla ya kurekodi. Mwiteni mpiga kanuni akutane na mwimbaji wa Bongo Fleva. Mwalikeni mpiga timbila kutoka Msumbiji, jirani yetu. Wafanye mazoezi, wabishane, waelewane, ndipo mashine iwashwe. Na wewe msikilizaji, ukisikia kazi ya namna hiyo, inunue. Hayo ndiyo maoni yangu.